Kasa Niliyemkosa kwa Sababu ya Kioo "Kisafi"

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia. Kanunua miwani mpya ya kuzamia, kaivaa mara mbili, na mara zote mbili hata dakika tano hazikuisha kioo kikajaa ukungu. Anauliza: "Nimeuziwa bandia?" Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena kwa hasira.

Hapana, ndugu yangu, hujauziwa bandia. Hujaisugua tu.

Yangu yalinikuta kwenye mbizi ya kwanza baada ya kupata cheti. Nilikuwa nimechoka na miwani za kuazima zenye kamba zilizolegea, nikajinunulia yangu. Nikaitoa kwenye kasha pale pale chomboni, mbele za watu, makusudi, ili waione. Kioo kinametameta. Mwongozaji wetu akaniuliza, "Umeiosha hiyo?" Nikamjibu, "Mpya hii." Akatabasamu, hakuongeza neno.

Tulipofika kama mita 10 chini, ukungu ukaanza kwenye pembe za kioo, ukatambaa hadi katikati. Mapezi ya mwenzangu aliyenitangulia yakawa doa la njano tu. Nikafanya tulivyofundishwa: nikaingiza maji kidogo, nikainamisha kichwa yaoshe kioo, nikainua uso na kubana fremu ya juu huku nikipuliza kwa pua. Kikasafika kwa pumzi chache, kikarudi vile vile. Nikarudia mara nane, labda tisa. Macho yanawasha chumvi, na hewa ya mtungi inakwenda kwa sababu ya mahangaiko yangu mwenyewe.

Mara kundi likasimama. Kwenye upenyo mdogo wa kioo nikaona mkono wa mwongozaji: kiganja juu ya kiganja, vidole gumba vikipiga kasia. Kasa! Ishara niliiona. Kasa mwenyewe sikumwona. Tulipopanda juu kila mtu anasimulia magamba yake, na yule bwana akauliza kwa sauti, "Na mwenye miwani mpya kaona nini?" Wakacheka, nikacheka nao. Sikupendezwa, na mpaka leo sijapendezwa.

Kumbe ndani ya kioo kipya huwa kuna utando mwembamba wa mabaki ya kiwandani, hasa ya silikoni, usioonekana kwa macho. Hewa iliyo ndani ya miwani ina joto na unyevu wa uso wako, na maji ya nje yanakipoza kioo, kwa hiyo mvuke lazima utue hapo. Kioo kikiwa safi kweli, maji hayo hutandaa na unaona kupitia kwake. Yakikuta utando, hujikusanya kuwa vitone vidogo sana, na vitone hivyo ndivyo ukungu wenyewe.

Basi chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Kioo kiwe kikavu. Weka kidogo upande wa ndani, sugua kwa ncha ya kidole, duara kwa duara, dakika mbili tatu, mpaka kwenye kona zinazokutana na mpira. Suuza kwa maji vuguvugu, kisha pulizia pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani ya kusomea. Kikibaki cheupe, rudi mwanzo. Yangu ilikubali mara ya nne. Ila kama miwani yako imepakwa kinga ya ukungu tangu kiwandani, au lenzi yake ni ya plastiki, usiisugue hivyo, utaiharibu.

Wapo wanaounguza utando kwa kiberiti cha gesi na kufuta masizi. Kwenye kioo kigumu njia hiyo inafanya kazi. Nilijaribu mara moja tu, nikababua ukingo wa mpira, na kovu lipo hadi leo. Siwezi kukushauri.

Kabla ya kila mbizi mambo ni mepesi: mate, au tone la shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji. Paka, suuza haraka, vaa. Usiguse kioo kwa ndani tena, hasa vidole vikiwa na mafuta ya kukinga jua. Usiivae uso ukiwa unatoka jasho, usiipandishe kwenye paji la uso ikapata joto, na ukiwa chini usitoe pumzi kwa pua bila sababu.

Kinachonikera ni watu wanaosema "mate yanatosha." Yanatosha kwenye kioo kilichosuguliwa! Juu ya utando ule unaweza kutema mate mpaka koo likauke. Wengine wanamaliza chupa baada ya chupa za dawa ya ukungu, wanapaka usafi juu ya uchafu, halafu wanailaumu miwani. Sisi wazamiaji tunapenda kuzungumzia kina, papa na kamera, lakini robo saa ya kukaa kwenye sinki na kidole chenye povu inatushinda. Unataka kuwa mzamiaji wa kuheshimika? Sugua. Ukimaliza, sugua tena.

Miezi kadhaa baadaye kamba ya miwani ya mwongozaji yule yule ilikatika tukiwa tayari tumevaa mitungi. Nikampa yangu ya akiba. Alipopanda juu aliigeuza geuza mkononi, akaniuliza naiosha kwa kitu gani.

"Mpya hii," nikamjibu. Nilimwacha na jibu hilo mpaka tumemaliza kushusha mitungi yote, ndipo nikamtajia dawa ya meno.