Wanaotaka kusoma sheria, pigeni hesabu ya miaka mitano sio minne

Kila matokeo ya fomu six yakitoka inbox yangu inajaa swali moja, dada nisome sheria Mlimani (UDSM) au Mzumbe, au niende vyuo vya Kanisa Katoliki kama SAUT, au RUCU kule Iringa, na karibu wote wanataka kujua kipi kina jina, anayeuliza ada mpaka mwisho inafika shingapi na nani atalipa simuoni. Mimi ni wakili, hiyo njia nimeipita yote, na ushauri wangu ni kwamba usichague chuo kwa hesabu ya LLB, ile digrii ya sheria ya miaka minne, peke yake, chagua ukijua kwamba mwisho wa LLB kuna mwaka mwingine mzima wa Law School, yaani mafunzo ya vitendo ya uwakili, na huo mwaka ndio unaomaliza watu mifukoni.

Wengi hawajui kwamba tangu Law School of Tanzania ianzishwe kwa sheria ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008, anayetaka uwakili anapita pale, awe ametoka UDSM, UDOM, Chuo Kikuu Huria au chuo cha dini mkoani, wote mnakutana Sinza mnafanya mitihani ile ile. Hata matangazo ya kazi za hakimu mkazi na wakili wa serikali yanataka uwe umemaliza pale. Sasa kumbuka yale matokeo ya 2022, watu 633 wamefanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja ni 26, wenye sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (walioondolewa masomoni) 265, nchi nzima ikaongea mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni watu wakawa wanabishana chuo gani kimeleta vilaza. Mimi nilikuwa nawafikiria wale 342, kwasababu sapu maana yake chumba kingine Dar, nauli nyingine, miezi mingine ya kula bila kipato, na nyumbani walishauza walichokuwa nacho ukiwa mwaka wa tatu.

Kwahiyo tufanye hesabu. Ukikuta chuo A kimezidi chuo B laki tano kwa mwaka utaona ni kidogo, ila kwa miaka minne hiyo ni milioni mbili, na hiyo milioni mbili ndio hela ya kuanzia maisha Dar ukienda Law School. Baba yangu alinikalisha chini na joining instruction (karatasi za maelekezo ya kujiunga na michango yake) za vyuo viwili, kimoja cha serikali na kimoja cha binafsi chenye majengo mazuri sana, akawa anapita mstari kwa mstari na kalamu. Ada ile kubwa hata hakuanza nayo, alianza na vile vidogo vidogo vya chini, hela ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) elfu 20, bima ya afya 50,400, kitambulisho, usajili, serikali ya wanafunzi, mitihani, hosteli, na kwenye kile cha binafsi vilikuwa vingi mpaka vikageuza picha nzima. Nikaenda cha serikali na ile tofauti ikawekwa pembeni, ndio iliyonilipia chumba Sinza, na suti nyeusi za Kariakoo maana Law School huendi na jinzi.

Na mkopo usiuhesabu kabla haujatoka. Kozi ya sheria haiko kundi la kwanza la kipaumbele la bodi ya mikopo, unaweza kupata asilimia ndogo au ukakosa kabisa, na ukipata ujue ukiajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara. Sikutishi mdogo wangu, kopa kama huna njia nyingine, ila usikope kwa ajili ya jina.

Maana jina nalo lina kazi yake, siwezi kusema halina. Mlimani ndio kitivo cha sheria cha kwanza nchini, kilianza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, kimepita watu kama Profesa Issa Shivji, na Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya alisoma hapo. Ukisoma sehemu ya hivyo, unayekaa naye dawati moja kesho ni hakimu au ana ofisi yake Posta, na hiyo inasaidia kwenye kutafuta fildi na kazi. Kwahiyo ukichaguliwa Mlimani na ada inalipika, nenda, usijiulize mara mbili. Ninachokataa ni mzazi kuuza shamba kwa sababu ya jina la chuo cha kati ambacho hata maofisi hayakitofautishi na jirani yake, halafu mtoto anatoka na GPA ya 2.9. Mwenye 3.8 ya chuo cha mkoani anamzidi, nimekaa kwenye usaili nimeyaona.

Kitu cha kuchunguza kuliko jina ni ufundishaji. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa chuo hicho, muulize semina moja ina watu wangapi, walimu wanaingia au wanatuma noti WhatsApp, kazi za kuandika zinasahihishwa na kurudishwa au zinapewa maksi tu, mahakama za mazoezi zipo kweli. Law School unaandika hati za madai, viapo na mikataba kwa Kiingereza, na ambaye kwa miaka minne hajawahi kurudishiwa karatasi yenye wino mwekundu anateseka sana pale.

Kama pointi hazikutosha, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto (IJA) kinatoa cheti na diploma ya sheria, unaweza kupanda ngazi kutokea hapo. Kwa walioajiriwa Chuo Kikuu Huria kinawafaa maana mshahara unaendelea kuingia, ila inataka nidhamu ya kusoma mwenyewe usiku.

La mwisho, ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja TCU inakutaka uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa SMS, na siku zenyewe ni chache. Usithibitishe ukiwa kwenye daladala. Kaa na anayekulipia, mkiwa na joining instruction zote mezani, na kwenye hiyo karatasi ya hesabu mwaka wa tano uwe umeandikwa.