Mama amerudi kwenye sinia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwenye kisukari apikiwe chungu chake peke yake. Sisi hapa Wete tulijaribu kwa miezi saba. Jibu langu ni hapana.

Mama alipogundulika ana kisukari, tulirudi nyumbani tumeshika neno moja tu: sukari. Tukaiondoa kwenye chai yake, tukaona kazi imekwisha. Wali wa nazi ukabaki vilevile, muhogo vilevile, boflo la asubuhi vilevile. Kipimo chake cha sukari ya damu kabla ya kula kikawa hakishuki chini ya 11 (namba zote hapa ni za mmol/L), na daktari alikitaka kati ya 4 na 7. Muuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho: wali, muhogo, ndizi mbichi, shelisheli, vyote vikishafika tumboni hugeuka sukari, uwe umeonja utamu au hukuonja. Mpaka leo nikimsikia mtu akisema muhogo hauna sukari, roho inaniuma.

Hapo tukaingia kosa la pili, tukamtenga. Chungu kidogo, mboga ya kuchemsha, kipande cha samaki, na sahani yake pembeni ya jamvi, huku watu wanane tumelizunguka sinia. Mtu aliyeilisha nyumba hii miaka yote! Alikuwa akila matonge mawili, anasema ameshiba. Wajukuu wakimpelekea kaimati kwa siri, anazipokea. Simlaumu.

Siku moja mchana alimeza dawa, kisha akaisukuma sahani. Kimoja katika vidonge vyake huihimiza kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, na insulini ikishatoka haingoji mtu ale. Haikupita muda nikamkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaungani. Mashine ilisoma 3.1, na chini ya 4 tayari ni hatari. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, nilimkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, nikangoja robo saa, nikapima tena: 4.6. Ndipo nikampa chakula. (Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.) Usiku ule aliniambia, "Mwanangu, nikila peke yangu chakula hakipiti."

Nikafikiri sana. Sinia lenyewe lina shida yake, nalo ni kwamba halina mpaka. Kilima cha wali kinashuka chini ya mikono minane, hakuna ajuaye nani kala kiasi gani, na mkubwa ndiye anayesogezewa zaidi: kula mama, kula. Wingi ndio uliokuwa ukimuumiza, na sisi tulikuwa tukimwongezea kwa mapenzi.

Sasa tunapika chungu kimoja. Wali wa mama unapimwa mwanzo, kikombe kimoja cha uliokwisha kuiva, unawekwa upande wake wa sinia. Pembeni yake mchicha au bamia, nyingi kuushinda wali, na samaki wake. Aliyekaa karibu naye hamsogezei tonge. Mboga imeongezeka kwa nyumba nzima, na hilo ni jema kwetu sote, maana kisukari hiki cha ukubwani hupenda kufuata ukoo.

Vijiti vya mashine ni ghali kwetu, hatupimi ovyo. Ukiacha siku anazojihisi vibaya, tunachagua mlo mmoja kwa wiki, tunapima kabla ya kula na saa mbili baadaye. Ndivyo tulivyojua kwamba shelisheli lilimpandisha kutoka 7.8 hadi 14.9, na kwamba kile kikombe cha wali, akitembea taratibu robo saa baada ya kula, hakimvushi 10. Hizo ni namba za mama yangu. Wa kwenu mpimeni mjue zake.

Ramadhani ndiyo ngumu. Muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati, tende, sharubati, vyote jamvi moja, na kila jirani analeta bakuli. Mwaka wa kwanza daktari alimkataza kufunga, akalia. Uliofuata tulikwenda kumwona mapema kabla ya mwezi kuandama, akampangia upya saa na kiasi cha dawa, akamruhusu kwa sharti: apime mchana, na kikishuka chini ya 3.9 au kikipita 16.6 afungue papo hapo. Wapo wanaoogopa kwamba kuchoma kidole kunabatilisha saumu. Hakubatilishi, na mama aliyasikia hayo kwa shekhe wake mwenyewe.

Magharibi anafungulia tende moja na maji. Kisha mboga, samaki, na kitu kimoja tu cha wanga. Akitaka muhogo, tambi haziguswi, na kuchagua ni kwake yeye. Jirani yetu siku hizi, kabla hajafunika bakuli lake, humtuma mtoto aje mlangoni aulize bibi leo amechagua nini.