Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki, Chunguza Kwanza DirectX na Vulkan

Mwaka 2022 nilinunua Kariakoo kadi ya grafiki iliyotumika, ndogo, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa ya mezani, ya zile zinazotolewa maofisini, na pawa saplai yake haikuwa na waya wa kulishia kadi kubwa. Nilimuuliza fundi mara mbili kama kadi ile ingefungua gemu niliyoitamani. "Kaka, hii ni DirectX 12, haina shida," alinijibu, na boksi nalo lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo. Nilifika nyumbani, nikaichomeka, nikaweka draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, nikaiacha gemu ipakuliwe usiku kucha kwa bando nililolinunua kwa kazi hiyo tu. Asubuhi nilipoifungua, kilitokea kisanduku kidogo cha ujumbe, kisha gemu ikajifunga. Fundi alikuwa amesema kweli kwamba kadi inaielewa DirectX 12. Kilichokosekana ni kwamba inaielewa kwa kiwango cha vipengele (feature level, yaani orodha ya mambo ambayo kadi yenyewe inayaweza) cha 11_0, ilhali gemu ilitaka angalau 12_0.

Tangu siku hiyo nimesaidia ndugu na rafiki kadhaa kuboresha kompyuta zao za kuchezea, na karibu kila mara nimewaomba waahirishe ununuzi mpaka tujue mambo mawili: gemu wanayoicheza inatumia kiolesura gani kuzungumza na kadi, na ni kifaa kipi hasa kinachoichelewesha. Wengi hukimbilia kadi. Mara nyingi kadi waliyo nayo inatosha, ila inatumika nusu.

DirectX, Vulkan na OpenGL ni violesura, yaani njia ambazo gemu huzitumia kuiagiza kadi ya grafiki nini cha kuchora. Kila kitu unachokiona kwenye skrini, iwe mti, gari au moshi, huanza kama agizo linaloandaliwa na prosesa na kupitia kwenye draiva kabla ya kuifikia kadi. Katika DirectX 11, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, sehemu kubwa ya kazi hiyo huishia kwenye kiini (core) kimoja cha prosesa. Fikiria bandari yenye kreni nzuri na malori yaliyopanga foleni, lakini hati za makontena yote zinaandikwa na karani mmoja. Ukiongeza kreni, foleni itabaki ilivyo. Ndiyo maana mtu hununua kadi yenye nguvu mara mbili, akaiweka kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani, na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikaongezeka tatu au nne tu.

Violesura vipya vilikuja kuongeza makarani. AMD, kampuni inayotengeneza prosesa na kadi za grafiki, ilitangulia na kiolesura chake cha Mantle kilichotangazwa mwaka 2013. Microsoft ikatoa DirectX 12 pamoja na Windows 10 tarehe 29 Julai 2015. Na Khronos Group, muungano wa kampuni unaosimamia pia OpenGL, ikijenga juu ya msingi wa Mantle, ikatoa Vulkan 1.0 tarehe 16 Februari 2016. Katika violesura hivi, viini vyote vya prosesa vinaweza kuandaa maagizo kwa wakati mmoja, na draiva haifanyi tena ukaguzi mrefu wa kila agizo. Hata hivyo karani yule wa zamani alikuwa na faida yake: alizijua hati zenye makosa na alizirekebisha kimya kimya. Sasa jukumu hilo, pamoja na upangaji wa kumbukumbu ya kadi, limehamia kwa waliotengeneza gemu. Wakilifanya vizuri, kompyuta kuukuu hupata uhai. Wakilifanya vibaya, hakuna wa kuwasahihisha.

Uhai huo niliuona kwa macho yangu katika Doom ya mwaka 2016. Ilitoka ikitumia OpenGL, na Julai mwaka huo huo ikaongezewa Vulkan kwa sasisho la bure. Mimi niliicheza miaka kadhaa baadaye, nikiwa na Core i5 ya kizazi cha nne yenye viini vinne na kadi ya AMD ya RX 570. Nilisimama mahali pamoja katika ile sehemu ya kiwandani, nikitazama chini kwenye chuma kinachochemka, na nikasoma takwimu za kona ya skrini. Kwa OpenGL, kadi ilikuwa ikipumzika sehemu kubwa ya muda huku prosesa ikihema. Nilitoka, nikabadilisha mpangilio mmoja tu, nikarudi pale pale: kadi ilikuwa imejaa kazi, na fremu zilikuwa zimepanda kiasi kwamba sikuhitaji takwimu kuliona hilo. Sikutumia hata shilingi.

Sitaki mtu aondoke hapa akiamini kwamba kipya hushinda siku zote. Kadi za AMD zilinufaika zaidi na mabadiliko haya kwa sababu draiva zake za OpenGL na DirectX 11 za wakati ule zilikuwa nzito kwa prosesa, ilhali mshindani wake Nvidia ilikuwa imeifanyia DirectX 11 kazi kubwa, hivyo katika gemu nyingi za miaka ya 2015 na 2016 kadi zake ziliongezeka kidogo sana au hata kushuka zikihamishiwa DirectX 12. Vilevile The Witcher 3, ilipopata sasisho kubwa la Desemba 2022, iliwaachia wachezaji wachague DirectX 11 au 12 kabla ya kuingia. Ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing) ulikuwa upande wa 12 peke yake, lakini mwenye prosesa dhaifu alifanya vyema kubaki kwenye 11. Mwenye kadi ya GB 2 au GB 4 naye ningemshauri hivyo hivyo pale anapopewa chaguo, kwa sababu kumbukumbu ikijaa chini ya kiolesura kipya, gemu hukwamakwama vibaya kuliko zamani, draiva ilipokuwa ikihangaika yenyewe kuhamisha vitu.

Basi pima. Fungua gemu, washa kipimo kinachoonyesha matumizi ya kadi na ya kila kiini cha prosesa, kisha simama mahali penye watu wengi au majengo mengi kwa dakika mbili. Kadi ikiwa asilimia 95 na kuendelea, ndiyo inayokuchelewesha, na hapo kiolesura kitakusaidia kidogo tu. Punguza ubora wa vivuli au ukubwa wa picha. Kadi ikiwa asilimia 60 na kiini kimoja cha prosesa kimejaa, nenda kwenye mipangilio utafute Vulkan au DirectX 12. Dota 2, Rainbow Six Siege, Red Dead Redemption 2 na Baldur's Gate 3 zote zimewahi kumpa mchezaji chaguo la namna hiyo. Usitazame wastani wa fremu peke yake. Tazama pia zile fremu za chini kabisa, kwa kuwa ndizo mkono wako unazozihisi unapogeuza kamera.

Na tafadhali usihukumu katika dakika kumi za mwanzo. Kosa hili nililifanya mara nyingi. Katika violesura vipya, zile programu ndogo zinazoipa kila sura rangi na mwanga wake, ambazo huitwa sheda, zinapaswa kutayarishwa kwa ajili ya kadi yako mahususi, na mtengenezaji asipozitayarisha mapema, hutayarishwa papo hapo mara ya kwanza mlipuko au adui mpya anapotokea. Hapo ndipo picha huganda kwa nukta moja kisha ikaendelea. Gemu nyingi sasa huonyesha mstari wa maandalizi unapozifungua. Uache ufike mwisho, hata kama kwenye prosesa ya viini vinne utachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ukisasisha draiva, maandalizi hayo huanza upya, kwa hiyo siku ya mechi na rafiki si siku ya kusasisha draiva.

Baada ya kupima kwa namna hiyo, uboreshaji ulionifaa kuliko wote haukuwa wa kadi. Nilitoa Core i5 nikaweka Core i7-4770 iliyotumika, inayoingia kwenye soketi ile ile na yenye nyuzi nane (threads, yaani kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja) badala ya nne, kwa bei ndogo kuliko ya kadi yoyote niliyokuwa nikiifikiria. Katika gemu za DirectX 11 sikuona tofauti ya kutaja. Katika zile za DirectX 12 na Vulkan, ile hali ya kukwamakwama ninapoingia mjini kwa kasi ilipungua sana, kwa sababu sasa kulikuwa na makarani wa kutosha. Mwenye kompyuta ya aina hiyo nyumbani aanze kwa kuuliza ubao mama wake unapokea prosesa gani.

Lakini kuna mlango ambao prosesa haiufungui, wala mpangilio wowote. Machi 2020 Microsoft ilitangaza DirectX 12 Ultimate, yenye kiwango cha vipengele cha 12_2, na vifaa vya kuitimiza vimo kwenye kadi za RTX 20 za Nvidia na RX 6000 za AMD na zilizofuata. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilibaki la hiari. Kisha Oktoba 2023 ilikuja Alan Wake 2, iliyojengwa juu ya njia mpya ya kuchakata maumbo ambayo kadi za zamani za Nvidia za GTX 10 hazina, na kadi hizo zikateseka mpaka sasisho la Machi 2024 lilipozipunguzia mzigo. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ilikwenda mbali zaidi: inataka kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na bila hivyo haikubali. GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, yenye kumbukumbu ya GB 11 na nguvu ambayo bado inaheshimika, inabaki nje, huku RTX 2060 Super ikiingia. Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 ina sharti kama hilo. Hapa ndipo ninapoumia ninapoona kijana akitoa akiba yake yote kwa kadi kubwa ya kizazi cha nyuma kwa sababu tu namba yake ni ya kutisha. Kama anacheza mpira, Counter-Strike 2 na GTA V ile ya zamani, ambayo Rockstar imeendelea kuiacha kando ya toleo jipya linalodai DirectX 12, basi kadi hiyo itamtumikia vizuri. Kama anazisubiri gemu za miaka ijayo, afadhali kadi ndogo ya kizazi kipya.

Kwa wenye Linux, jambo hili lina uzito wake. DXVK, programu inayotumika ndani ya Proton, chombo cha kampuni ya Valve cha kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, hutafsiri DirectX za zamani kuwa Vulkan, na tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3. Kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, yaani GTX 600 na nyingi za GTX 700, haziifikii. Ninalisema hili kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, prosesa za kizazi cha nne hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na wengi wanaohamia Linux wanazo kadi hizo hizo.

Siku hizi nikienda dukani ninaomba kadi ichomekwe kwenye kompyuta ya pale, kisha ninabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ninaandika dxdiag, na kwenye ukurasa wa Display ninasoma mstari wa Feature Levels. Namba kubwa ya mwanzo kwenye mstari huo ndiyo ninayoilinganisha na mahitaji ya gemu niliyoyaandika kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Kisha naomba pia jina kamili la kadi lililomo kwenye ukurasa huo huo, nilinganishe na stika iliyobandikwa juu yake, na vikikubaliana ndipo natoa pesa.