Rimu za inchi 17 kwenye Premio
Ndugu yangu, umeuliza kama rimu za inchi 17 ulizoziona Mwanjelwa, Mbeya, zitaingia kwenye Toyota Premio yako yenye matairi ya 195/65R15 (upana wa milimita 195, ukuta wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15). Anza na matundu ya nati: gari hilo lina matano kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo rimu yenye duara la milimita 114.3 haifai, hata muuzaji akuhakikishie vipi. Kisha linganisha kipenyo cha gurudumu zima, kwani tairi lako la sasa lina takriban milimita 634 na la 205/50R17 lina 637, ilhali la 225/55R17 linafika 679 na litakwaruza fenda. Soma pia namba ya ET iliyochapwa kwenye rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusana na habu. Ikiwa ndogo kuliko ya rimu yako ya zamani, gurudumu hutokeza nje, na ikiwa kubwa, husogelea shokapu. Kabla ya kulipa, omba rimu moja ifungwe mbele ikiwa na tairi lake, pakia watu, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili huku mtu akisikiliza. Kwa safari za Tukuyu wakati wa masika, mimi ningechagua 205/55R16, kwa sababu ukuta wake mrefu zaidi huikinga rimu dhidi ya mashimo.