Nyumba Hii Ilikuwa ya Nini? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii zimetoka Mikindani, Mtama, Nachingwea, Newala na Lindi mjini. Nyingi zina kilio kimoja: tumebaki na jengo, wazee waliolijua wametangulia, na sisi hatujui lilikuwa nini wala tulifanyie nini. Nimechagua zile zilizokuja na picha za sakafu, dari na milango. Picha ya mbele peke yake hainisaidii sana, maana ukuta wa mbele hupakwa rangi kila anapoingia mpangaji mpya, lakini sakafu haina anayeihangaikia.

Shikamoo mwalimu. Tumerithi nyumba ya mawe Mikindani. Vyumba ni virefu na vyembamba kama ushoroba, vya nyuma havina dirisha hata moja, na ukutani kuna vishimo vya mraba. Binamu zangu wanasema walikuwa wanafungiwa watumwa. Kuna mtu wa Dar anataka kununua mlango wa nakshi. Tuuze? Na nyumba yenyewe inaweza kuwa ya kulala wageni? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba mwanangu. Mlango usiuze. Nitaeleza sababu, ila kwanza tuisome nyumba.

Wembamba wa vyumba si dalili ya jela. Dari za nyumba za mawe za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haizidi sana mita tatu. Mwashi alikuwa anajenga chumba kwa kipimo cha boriti aliyonayo. Akitaka nafasi zaidi anarefusha, hawezi kupanua. Ndiyo maana hata nyumba za matajiri wa Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje zina vyumba vya namna hiyo. Vile vishimo ni vidaka: mahali pa taa, msahafu na vyombo vya thamani. Mtu hachongewi kidaka cha msahafu mahali anapofungiwa.

Vyumba vya nyuma visivyo na dirisha vinaelekea zaidi kuwa stoo. Mikindani ilisafirisha mpira wa porini, sandarusi (utomvu mgumu wa miti), ufuta na pembe za ndovu, na mali hizo zinataka giza na kufuli. Sisemi kwamba biashara ya watumwa haikupita hapo. Ilipita, tena kwa wingi. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia bandari hizi, na David Livingstone alipoanzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866 biashara hiyo ilikuwa bado hai. Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kuipiga marufuku baharini mwaka 1873. Lakini jambo zito namna hiyo halithibitishwi na giza la chumba. Msije mkaandika kibao cha "gereza la watumwa" ili kuvuta wageni. Watu walioteswa kweli wanastahili heshima kuliko hiyo.

Sasa mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inautaja moja kwa moja: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na hauwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linaingia kwenye ulinzi wa sheria hiyo kwa umri wake tu. Kwa hiyo kabla ya kupokea hata senti ya mtu wa Dar, au kubomoa kipande chochote, zungumzeni na Idara ya Mambo ya Kale. Na hata sheria ikiwekwa pembeni, nyumba iliyong'olewa mlango wake haina tena kitu cha kumfanya mgeni asimame.

Kulaza wageni kunawezekana, na mfano mnao kilimani hapohapo. Boma la Wajerumani lilijengwa 1895, likawa ofisi ya serikali, likaachwa likachakaa, kisha shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid likalifufua kuwa hoteli inayofundisha vijana wa Mikindani kazi. Ninyi hamna fedha za namna hiyo, basi anzeni na vyumba viwili vya mbele. Ila nawasihi kwa moyo wangu wote: msipige plasta ya saruji. Najua saruji iko karibu, kiwanda cha Dangote kipo hapo Mtwara na fundi yeyote atakwambia ndiyo imara. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia plasta yake. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na baada ya masika chache plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Tumieni chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa, ya mawe ya nchi kavu. Msimtume mtu kuvunja matumbawe baharini kwa ajili ya kuichoma. Samaki wa ghuba wanayategemea.

Kaka, kikundi chetu cha vijana Mtama kimepewa ahadi ya kutumia jengo kubwa la zege lililotelekezwa. Ndani kuna mashimo marefu ya saruji, kuta nyeusi zenye mafuta, bomba refu la moshi, na nje uwanja mpana wa sakafu. Wengine wanasema lilikuwa jineri ya pamba. Tunataka kufuga kuku. (Katibu wa kikundi, Mtama)

Katibu, jineri ingekuachia alama nyingine: matundu ya mikanda ukutani, vyuma vya kushikilia shafti chini ya paa, msingi mzito wa injini wenye bolti. Uliyonitumia picha yake inaelekea sana kuwa kiwanda cha korosho. Uwanja wa nje ni wa kuanikia korosho kabla hazijaingia ghalani. Weusi wa kuta ni mafuta ya maganda. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa kusini katika miaka ya 1970 kwa mikopo, pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia, na vingi vilisimama katika miaka ya 1980 uzalishaji wa korosho ulipoporomoka.

Kuku hapana, angalau si ndani ya ukumbi huo. Muulize mama yeyote wa Mtama anayebangua kwa mkono kwa nini anapaka majivu vidoleni: mafuta ya maganda yanababua ngozi. Katika viwanda korosho zilipitishwa kwenye mafuta hayo yakiwa ya moto, kwa hiyo yameingia kwenye zege la mashimo na chini ya sakafu. Kuku atadonoa, atalala juu yake, na ninyi mtafagia vumbi lake kila asubuhi. Isitoshe yanashika moto. Mtu asichomelee chuma humo kabla kuta hazijakwanguliwa.

Ningekuwa ninyi ningeligawa jengo. Sehemu ya mashimo izungushiwe uzio isiguswe mpaka mpate ushauri wa watu wa mazingira. Sehemu ya ghala, ile yenye sakafu kavu na paa zima, ndiyo mali. Tangu mwaka 2007 korosho inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mali ghalani na kupewa stakabadhi mpaka iuzwe, na kila msimu wa mauzo nafasi ya kuhifadhi inatafutwa. Ghala lenye chaga, hewa inayopita na mlango unaofungwa lina kazi karibu na kwenu, na msimu ukiisha linaweza kuhifadhi ufuta na mbaazi. Lakini hiyo "ahadi" uliyoiandika inanitia wasiwasi. Viwanda kadhaa vya aina hii viliuzwa kwa watu binafsi. Nani amewaahidi, na hati ina jina la nani? Nendeni ofisi ya ardhi ya mkoa mkafanye upekuzi kabla ya kununua hata bati moja.

Shambani kwetu Nachingwea kuna tuta lililonyooka la zaidi ya kilomita, kalavati za zege, na tumefukua kipande cha reli na mnyororo mnene ajabu. Kuna watu wanakuja usiku na vifaa wakisema kuna mali ya Mjerumani. Tuwaruhusu tugawane? (Mkulima, Nachingwea)

Hapana, na si ya Mjerumani.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Wajerumani lilipigana Mahiwa, hapa Lindi, Oktoba 1917, likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi uliofuata. Lilikuwa linatembea kwa miguu, limepungukiwa na chakula, dawa na risasi. Jeshi la namna hiyo halikai kuchimba mashimo ya dhahabu kila kilima. Mahali pengi watu wanachimba chini ya misingi ya maboma, au kuzunguka bikoni za wapima ardhi wakidhani ni alama za hazina, na wanachopata ni kuta zinazowaangukia.

Mlicho nacho ni cha baadaye na, kwangu mimi, kina thamani ya kweli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walifyeka pori kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa, na kwa minyororo ya nanga za meli iliyovutwa kati ya mashine mbili ili kung'oa miti. Mnyororo wenu nadhani ndio huo. Mpango ulikufa mwaka 1951. Mvua, udongo na haraka ya waliouendesha vilishinda fedha zote zilizomwagwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake iliendelea kidogo, bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Likabaki tuta.

Osheni kipande cha reli kwa brashi ya waya, mtazame ubavuni. Viwanda vya reli huacha herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mara nyingi mwaka. Mkipata mwaka huo mmepata ushahidi ambao hakuna mganga atakayeubishia. Na wale wa usiku waambieni waje mchana na mwenyekiti wa kijiji.

Matumizi? Tuta la reli ni barabara iliyokwisha pandishwa na kutolewa maji. Kalavati zikizibuliwa, mtapitisha trekta na mikokoteni ya korosho wakati wa masika wenzenu wamekwama. Msilikate kupata kifusi. Mnyororo pia msiuuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Shule ya kata ingeuweka uwanjani na watoto wa Nachingwea wangeiona historia yao kwa macho. Eneo hilohilo baadaye lilikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kwa hiyo mkikuta misingi ya nyumba msikimbilie kusema ni ya karanga tu. Waulizeni waliokuwa vijana miaka ya 1960 na 1970. Bado wapo, na ni juu yenu kwenda kuwauliza mapema.

Newala. Nyuma ya nyumba ya zamani tuliyonunua kuna chumba cha zege chini ya ardhi, mviringo, kina mfuniko mdogo. Jirani anasema palikuwa mahabusu. Tufukie? (Mama wa Newala)

Usifukie, mama. Hilo ni tangi la maji ya mvua. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na vizazi vya wanawake wameshuka mteremko mkali kufuata maji na kupanda na ndoo kichwani. Aliyejenga nyumba yako alikuwa na uwezo wa kuikwepa safari hiyo. Tazama juu ya ukuta wa tangi: utakuta tundu la bomba lililotoka kwenye paa.

Mahesabu yake ni mepesi. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, ukitoa zinazopotea. Safisha, ziba nyufa kwa saruji (hapa saruji inafaa kabisa), weka mifereji, na mvua za kwanza zipotezee nje zioshe paa. Asiingie mtu ndani kabla mfuniko haujakaa wazi siku nzima, na asiingie peke yake. Jambo moja: kama paa ni la zile shiti za kijivu za asbesto, usizitoboe wala kuzivunja. Pata kwanza mtu anayejua kuziondoa, kisha weka bati.

Mkonge umeondoka kwenye shamba karibu na Lindi, limebaki banda lenye mifereji mirefu ya saruji na vijireli vyembamba. Linafaa nini? (Msomaji, Lindi)

Hapo majani yalikwanguliwa kwa maji mengi, na vijireli vilileta majani kutoka shambani. Ukifuata mifereji utafika kwenye chanzo cha maji, na hicho ndicho cha kukitafuta kwanza. Banda la brashi, yaani la kusafishia nyuzi, lililo wazi pembeni, lingefaa sana kwa useremala. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kubadilisha mikono tena baadaye, kwa hiyo hati isomwe yote.

Nataka kufungua maktaba ndogo ya watoto katika jengo la ghorofa Lindi mjini. Chini ni milango mingi inayotazama barabara, juu kuna kibaraza cha mbao na maandishi ya Kigujarati. Lilikuwa hoteli? (Mwalimu, Lindi)

Mwalimu mwenzangu, lilikuwa duka. Chini biashara, nyuma stoo, juu familia. Milango mingi iliwezesha duka zima kuwa wazi kwa mteja anayepita. Mtu anayesoma Kigujarati atakupa jina la ukoo, pengine na mwaka. Mwaka 1971 serikali ilichukua majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Anza kuulizia huko.

Kwa watoto jengo hilo ni zuri mno: mwanga unaingia kote na chini hakuna ngazi ya kupanda. Omba ghorofa ya chini tu, na mwite fundi seremala akague kibaraza cha juu kwa sababu watoto watakaa chini yake. Vitabu viweke mbali na ukuta, upana wa kiganja. Hewa ya chumvi ya Lindi hupitia ukutani. Ukipewa mkataba mfupi, fedha yako iweke kwenye rafu na meza utakazoweza kuondoka nazo.