Daraja la Brooklyn na hesabu ya mara sita

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni daraja gani la mjini, popote duniani, linalostahili umaarufu wake, na kwa sababu gani. Jibu langu ni Daraja la Brooklyn la New York, lililofunguliwa tarehe 24 Mei 1883, na sababu yangu si ile minara miwili ya mawe ambayo kila mtalii hupiga nayo picha. Nimelichagua kwa sababu ya hesabu. Aliyelibuni aliamua tangu mwanzo kwamba kebo zake kuu ziwe na nguvu mara sita ya mzigo zitakaoubeba, na ziada hiyo, ambayo mhasibu yeyote angeshawishika kuipunguza, ndiyo iliyolivusha daraja hilo salama, kwanza katika wizi na baadaye katika mizigo ambayo watu wa karne ya 19 hawangeweza kuikisia.

Wakati huo Brooklyn haikuwa sehemu ya New York. Ulikuwa mji unaojitegemea, wenye meya wake, na miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Marekani. Maelfu ya wakazi wake walikwenda kazini Manhattan kila siku kwa kivuko, wakikatiza East River, mkondo wa bahari ambao maji yake hujaa na kupwa kwa kasi. Wakazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, waliozoea kusubiri pantoni hawahitaji kuelezwa maana ya maisha hayo. Katika majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867 barafu ilizagaa katika mkondo kiasi cha kukwamisha vivuko, na mwaka huohuo wa 1867 kibali cha kuunda kampuni ya kujenga daraja kikapatikana.

Kazi alipewa John Augustus Roebling, mzaliwa wa Mühlhausen, Ujerumani, aliyehamia Marekani mwaka 1831 na kujitajirisha kwa kutengeneza kamba za waya. Alikuwa tayari amejenga daraja la kuning'inia, yaani ambalo sakafu yake imetundikwa kwenye kebo kuu zinazopita juu ya minara, lililopitisha treni juu ya mto Niagara, na jingine kubwa zaidi huko Cincinnati. Hata hivyo, watu walikuwa na haki ya kuyaogopa madaraja ya aina hiyo. Mwaka 1850, katika mji wa Angers nchini Ufaransa, daraja la kuning'inia lilikatika kikosi cha wanajeshi kikiwa juu yake, na zaidi ya 200 wakafa. Roebling alikuwa na majibu mawili. La kwanza ni hiyo nguvu ya mara sita, ambayo aliitafuta kwa kutumia nyaya za feleji zilizopakwa zinki badala ya chuma cha kawaida, jambo ambalo lilikuwa geni katika madaraja ya kuning'inia. La pili ni nyaya za mshazari zinazotoka kileleni mwa minara na kushuka moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya daraja, kwa namna ambayo aliyepita Daraja la Kigamboni ameiona kwa macho yake. Kigamboni hutegemea nyaya za mshazari peke yake, ilhali Brooklyn ina mifumo yote miwili, na Roebling alidai kwamba hata kebo kuu zikiondolewa, sakafu italegea katikati lakini haitaanguka.

Hakuuona hata msingi ukichimbwa. Mwaka 1869, alipokuwa akipima mahali pa kujenga mnara wa Brooklyn, kivuko kilipogonga gati kiliusaga mguu wake. Vidole vilikatwa, pepopunda ikamwingia, na wiki chache baadaye akafa. Mwanawe, Kanali Washington Roebling, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alichukua nafasi ya mhandisi mkuu akiwa na umri wa miaka 32.

Minara ilisimamishwa juu ya masanduku makubwa mno ya mbao, yaliyofunikwa juu na kuachwa bila sakafu, ambayo yalizamishwa hadi chini ya mkondo na kujazwa hewa yenye mgandamizo ili maji yasiingie. Ndani yake wanaume, wengi wao wahamiaji wa Ireland na Ujerumani waliolipwa kama dola 2 kwa siku, walichimba tope na kuvunja mawe huku uzito wa mnara uliokuwa ukijengwa juu ukilididimiza sanduku. Upande wa Brooklyn walishuka mita 13 na ushei. Upande wa Manhattan walishuka mita 24, na kadiri walivyoshuka ndivyo mgandamizo ulivyoongezeka na ndivyo watu walivyozidi kutoka juu wakiwa wamepinda kwa maumivu ya viungo, wengine wamepooza. Leo kila mzamiaji anafundishwa kwamba mtu akipanda haraka, gesi iliyoyeyuka katika damu yake hutoka kama mapovu. Siku zile daktari wa mradi aliandika zaidi ya wagonjwa 100 bila kupata tiba. Baada ya vifo, mhandisi mkuu aliamua kuusimamisha mnara wa Manhattan juu ya mchanga ulioshindiliwa badala ya kuendelea kuutafuta mwamba, na mnara haujasogea hadi leo.

Yeye mwenyewe aliugua ugonjwa huo mwaka 1872, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki aliongoza kazi kutoka chumbani, akiitazama kwa darubini dirishani Brooklyn Heights. Mke wake, Emily Warren Roebling, ndiye aliyeandika maagizo yake, akayapeleka kwa wahandisi, akajifunza hesabu za kebo na nguvu za vifaa, na akajibu maswali ya wakandarasi hadi baadhi yao wakaamini kuwa ndiye mbunifu. Mwaka 1882 wadhamini, yaani bodi iliyosimamia mradi wa daraja, walipojadili kumwondoa mumewe, kura zilikuwa 10 dhidi ya 7 za kumbakiza. Kwa maoni yangu, bila Emily hizo 10 zisingepatikana.

Sasa nifike kwenye waya. Tarehe 25 Agosti 1876 fundi mkuu E. F. Farrington, mzee wa karibu miaka 60, aliketi juu ya kibao kilichofungwa kwenye kamba ya waya na kuvutwa kutoka Brooklyn hadi Manhattan mbele ya umati, ili vijana wake waone kwamba kamba inashika. Baada ya hapo ndipo kazi ya kusokota kebo nne ilipoanza, kila moja ikiwa na nyaya zaidi ya 5,000. Zabuni ya waya alipewa J. Lloyd Haigh wa Brooklyn, licha ya Washington Roebling kuwaonya wadhamini wasimwamini. Wakaguzi walikwenda kiwandani kwake, wakapima waya, na uliofaulu ukapewa hati na kupakiwa kwenye mkokoteni. Njiani mkokoteni uliingia katika jengo jingine, waya mzuri ukashushwa na ule uliokataliwa ukapandishwa, kisha hati ileile ikaufikisha mbovu darajani. Ule mzuri ulirudishwa kiwandani kwenda kukaguliwa tena kama waya mpya. Hila hiyo ilipogunduliwa mwaka 1878, waya mbovu ulikuwa umeshafungwa ndani ya kebo na haukuweza kutolewa.

Roebling alirudi kwenye hesabu ya baba yake. Alikokotoa kwamba kebo, pamoja na uchafu huo wote, bado zina nguvu angalau mara tano ya mzigo, akaagiza nyaya 150 ziongezwe katika kila kebo kwa gharama ya Haigh, na kazi ikaendelea. Waya huo umo humo hadi leo. Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya tapeli, ila mimi naona uzito wake uko kwa mtu aliyekufa miaka tisa kabla, ambaye hakuacha nafasi kwa wezi tu bali kwa kila kisichojulikana.

Ufunguzi ulihudhuriwa na Rais Chester A. Arthur, na urefu kati ya minara, mita 486, ukalifanya kuwa daraja la kuning'inia refu kuliko yote duniani hadi 1903. Imani ya watu haikuja siku hiyohiyo: tarehe 30 Mei 1883 mkanyagano kwenye ngazi uliua watu 12, na mwaka uliofuata P. T. Barnum, mwenye sarakasi, akapitisha tembo 21 juu yake, akijua vizuri kwamba hofu ya watu ni tangazo la bure.

Umuhimu wake kwa mji ulionekana kwenye sanduku la kura. Mwaka 1894 wakazi wa Brooklyn waliulizwa kama wanataka kuungana na New York, na waliokubali waliwazidi waliokataa kwa kura 277 tu. Tarehe 1 Januari 1898 miji hiyo ikawa mmoja. Siwezi kusema kwamba daraja ndilo lililopiga kura hizo, lakini sidhani kama zingefika 277 watu wangekuwa bado wanasubiri barafu iyeyuke.

Daraja lilibuniwa kwa ajili ya magari ya farasi, treni ndogo zilizovutwa kwa kamba, na watembea kwa miguu waliowekewa njia yao ya juu katikati. Baadaye ilikuja tramu ya umeme, kisha motokaa, na kati ya 1948 na 1954 sakafu ikajengwa upya ili kupitisha njia sita za magari, huku malori yakizuiwa. Mwaka 2021 njia moja kati ya hizo sita iligeuzwa kuwa ya baiskeli. Kebo zinazobeba yote hayo ni zilezile nne za Roebling, pamoja na waya wa Haigh ndani yake.