Stadi laini nilifundishwa kwenye mizani ya korosho (jibu kwa mleta uzi wa Lindi)

Wakuu, salaam.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana diploma ya uhasibu, yuko Lindi mjini, ameitwa kwenye usaili mara tatu na mara zote tangazo liliandika "awe na stadi laini", yaani ule ujuzi wa kuishi na kuzungumza na watu kazini. Anauliza kama hicho ni kitu kweli au ni maneno ya kujazia tangazo, maana anavyoona yeye wanaopita ni wenye mdomo. Nimesoma majibu yote. Wengi mmemwambia ajiamini, avae vizuri, amtazame msaili machoni. Sina ugomvi na shati lililopigwa pasi, ila hapo hajajibiwa.

Mimi sikusomea mambo ya rasilimali watu. Nilianza kama karani wa msimu kwenye chama cha msingi (ushirika wa wakulima) huko Tandahimba, leo niko Mtwara mjini kwenye ofisi ya usafirishaji, nasimamia watu tisa. Nitasema niliyopitia, na nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Kwa wasiojua korosho: tangu msimu wa 2007/2008 huku Mtwara tunauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta mzigo chamani, anapimiwa, anaandikiwa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, na hela inaingia kwenye akaunti baadaye. Yaani mtu amepalilia, amepuliza salfa kuanzia Juni, ameokota moja moja chini ya mikorosho, halafu anakukabidhi vyote anaondoka na kikaratasi. Mnunuzi hamjui. Meli haioni. Katika safari nzima ya mali yake, sura pekee aliyoiona ni ya karani. Ukilielewa hilo, nusu ya swali lako limejibika.

Msimu wa 2016/2017 bei ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi, kichwa kimejaa. Kipima unyevu nilikijua kuliko wote pale. Kupasua sampuli, kutenga kiini kizima na kilichooza, kuandika, hakuna aliyenifikia. Desemba mvua zikaanza. Siku moja kaja mzee na magunia matatu juu ya bodaboda, yamefunikwa turubai lililotoboka. Foleni ilikuwa ndefu. Nikachoma bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, kwenye gunia la kwanza, nikatoa korosho, nikapima. Zimezidi. Unyevu ukizidi asilimia 10 sisi hatupokei, maana zikikaa ghalani zinaota ukungu na kuharibu za wenzake. Nikapaza sauti nikiwa nimekaa, hata sikunyanyua uso: "Mbichi hizi, rudisha! Nyie mmeambiwa mara ngapi?"

Mzee akasema, "Sawa, mwanangu." Akafunga magunia yake, bodaboda ikageuza.

Kipimo kilikuwa sahihi. Hata leo ukinipa gunia lile nitalirudisha. Lakini yule mzee hakwenda kuanika. Aliona aibu kupita tena mbele ya ile foleni, na jioni yake akauza kwa kangomba, wale wanunuzi wa mlango wa nyuma wanaolipa taslimu kwa bei ya kutupa. Kesho yake kitongoji chao kizima hakikuleta hata gunia. Chama kikakosa mzigo, mzee akakosa hela, na mimi nikawa nimepima vizuri kabisa.

Katibu wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, elimu yake darasa la saba. Hakunigombeza. Aliniita pembeni akaniambia kesho nisipime, nikae tu nimwangalie yeye. Kesho ikaja korosho mbichi nyingine, ya bibi mmoja. Mama katibu akainuka kwenye kiti. Akatoka nyuma ya meza. "Shikamoo bibi. Mmeamkaje huko? Mvua imewaacha?" Akachota korosho kiganjani, akazitikisa karibu na sikio la bibi, kisha akachukua nyingine kavu kutoka gunia la jirani akazitikisa vilevile. Mliojaribu mnajua, korosho kavu inalia ndani ya ganda, mbichi iko kimya. "Umesikia bibi?" Bibi akacheka: "Hizi zangu bado zimelala." Basi. Amejihukumu mwenyewe. Ndipo mama katibu akamwambia jua likitoka ni siku mbili tu, anike hapahapa uwanjani kwenye turubai la chama, na jina lake analiandika sasa hivi ili akirudi asianze foleni upya.

Ile yote ilichukua kama dakika nne. Mimi kwa dakika nne nilikuwa nafukuza watu watatu.

Sasa wewe mleta uzi niambie, hapo mdomo uko wapi? Yule mama hakuwa msemaji, kwenye mkutano mkuu alikuwa anasoma taarifa kama anasukumwa. Alichokuwa nacho ni kujua habari mbaya inavyopelekwa: umfuate mtu alipo, asifedheheke mbele za watu, umpe ushahidi anaouelewa yeye (kile kipima unyevu changu kwa bibi ni kama redio iliyoharibika), na umwambie cha kufanya kesho asubuhi. Unaweza kujifunza, kama nilivyojifunza kipimo. Ilinichukua msimu mzima na niliharibu mara nyingi. Yule mzee wa magunia matatu nilimfuata kwake Februari, nikakaa kwenye mkeka nikaomba radhi bila kuweka "ila". Kwenye "ila" nilitaka sana kufika, nilikuwa nayo tayari mdomoni. Msimu uliofuata alileta matano, na kabla sijagusa bambo akanitikisia korosho sikioni.

La pili ni la msimu wa 2018/2019. Mtakumbuka, minada ilikwama kwa ajili ya bei, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakawa yanasubiri uhakiki ili kubaini korosho za kangomba. Watu walikuwa na ada za shule za kulipa Januari. Kila asubuhi wanakuja chamani: "Hela lini?" Hatukuwa na jibu. Mimi kwa huruma nikawa nasema "wiki ijayo". Nilidhani nawatuliza. Mtu anakwenda kukopa dukani kwa "wiki ijayo" yangu, wiki inafika, hela hakuna, mwenye duka anamdai yeye, na yeye anakuja kwangu akiwa mkali kuliko mwanzo, na haki yake. Baba mmoja alinishika kola. Sikumlaumu.

Mama katibu alichofanya ni kutafuta ubao mweusi wa shule, akausimamisha barazani. Akaandika kwa chaki: "Leo Jumatatu: majina ya watakaolipwa hayajafika. Nitaandika tena Alhamisi saa 4 asubuhi." Alhamisi saa 4 akaandika: "Majina hayajafika. Nitaandika tena Jumatatu saa 4." Ukiangalia, hajasema kitu! Lakini kelele zilipungua kwa namna ambayo sikuamini. Watu wakaacha kuja kila siku kutembea kilomita sita na kurudi mikono mitupu, wanakuja siku ya ubao. Na saa 4 haikuwahi kupita hajaandika. Siku moja alikuwa na homa, alimtuma mjukuu wake na kikaratasi cha maneno ya kunakili.

Hilo la ubao nimelibeba hadi ofisini ninapofanya kazi sasa. Lori likichelewa kuingia bandarini, mteja haambiwi "lipo njiani, bosi". Anaambiwa lilipo, kinachosubiriwa, na saa ambayo tutampigia tena, hata kama hakutakuwa na jipya. Vijana wangu wapya hilo linawashinda kuliko chochote. Wanaogopa kupiga simu isiyo na habari njema. Wengine kwenye kundi la WhatsApp wanaandika "sawa" kwa kila kitu, na mimi nimewakataza hilo neno. Andika "nimeona" au andika "nimefanya". Kuna siku "sawa" moja ilituacha na kontena uwanjani usiku kucha kwa sababu watu wawili kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyejibu.

Kuhusu wenye mdomo, hapo nakubaliana na wewe kwa sehemu. Tuliwahi kuwa na mwenzetu kwenye mizani, kijana wa watu, anajua jina la kila mkulima na la mbuzi wake, anatania, anabeba vikongwe mizigo. Alikuwa anakata kilo mbili kwenye kila gunia. Alipogundulika watu walilia, siyo kwa hasira, kwa kumpenda. Na mimi mwenyewe nilishaajiri mtu kwa sababu aliongea vizuri kwenye usaili, miezi miwili nikajuta. Kwa hiyo ndiyo, wasaili wengi wanachanganya uchangamfu na stadi. Kuna na waajiri ambao wakiandika "awe mvumilivu, anayefanya kazi kwenye mazingira ya shinikizo" maana yake utafanya kazi Jumapili bila posho. Hiyo wasikupake mafuta kwamba ni stadi laini. Kumwambia bosi wa namna hiyo "hapana" bila kuvunja vyombo, hiyo ndiyo stadi, na ni ngumu.

Nikisaili mimi siku hizi, nauliza kidogo sana kuhusu mtu mwenyewe. Nampa mkasa. Lori limeondoka Newala na magunia 370, limefika kwetu na 364. Dereva yuko nje, amechoka, ameendesha usiku. Mimi najifanya dereva. Haya, zungumza naye.

Wengi wanaanza na "magunia sita yako wapi?" Dereva (mimi) nawaka hapohapo, maana nimeshaitwa mwizi. Wengine wanaanza kuomba samahani kwa kuniuliza, wanazunguka, mwisho hawaulizi. Mwaka jana alikuja binti mmoja wa Lindi, akaniambia: "Pole na safari. Hesabu ya kwetu imekuja pungufu na ya huko, inawezekana tumekosea sisi. Naomba tuhesabu tena wote wawili, ushike karatasi yako nami yangu." Nikamuuliza, tukihesabu bado sita? Akasema: "Basi tunaandika 364, unasaini nami nasaini, nampigia karani aliyepakia ukiwa unasikia." Hajamtuhumu mtu, na yale magunia sita hajayaacha. Kwenye jaribio la kompyuta alikuwa wa nne kati ya watano. Nikamchukua. Majedwali ya hesabu alifundishwa na mwenzake kwa wiki tatu, jioni, wakila ming'oko (vile viazi vya porini vya huku kusini) mezani pangu na kuniachia maganda.

Na usidhani mambo ya mitambo yanapunguza haya. Mizani ya kidijitali imekuja, mnada siku hizi unapita kwenye mfumo wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), bei inasomeka kwenye skrini mbele ya mkutano. Nilihudhuria mmoja. Mfumo ulifanya kazi yake bila tatizo. Bei ya juu kabisa ikatokea, na ya chini, na makato, watu wakanyamaza wakiitazama ile skrini. Kisha mzee mmoja akasimama akauliza: "Sasa hapo mimi napata ngapi?" Kijana aliyekuwa na kompyuta akaisoma skrini upya, kwa sauti kubwa zaidi. Aliyemsaidia ni karani aliyechukua daftari akamkokotolea mzee gunia moja, kilo 80, hiki kinatoka, hiki kinatoka, hiki chako.

Kwa maombi yako ya kazi, futa ile sentensi ya "nina uwezo mzuri wa mawasiliano na kufanya kazi katika timu". Kila mtu anayo, wengi wameinakili mahali pamoja. Andika tukio moja, mistari mitatu: palikuwa na tatizo gani na nani, ulifanya nini, ikawaje. Hata kama ni la chuoni au la kikoba cha mama yako. Usipokuwa nalo ndiyo shida yenyewe, na mahali pa kulipata hapako mbali na wewe. Msimu ukifunguliwa Oktoba vyama vya msingi vinachukua makarani wa muda, huko kwenu Lindi pia, kuanzia Ruangwa hadi Liwale. Hela ni ndogo, vumbi ni jingi, na diploma yako hakuna atakayeiuliza. Nenda Septemba ukaongee na katibu, usisubiri tangazo. Beba kofia na daftari lako mwenyewe, turubai watakupa. Ukishapata rudi kwenye uzi huu utuambie mkulima wa kwanza alikutukana vipi na ulimjibu nini.

Kama kuna la kuuliza uliza hapahapa, faragha sijibu haraka.